Supu ya Mwalimu Mkuu

Wanasema supu ya kalunguyeye inafungua kifua cha mtoto. Nimeisikia tena jana saluni, nikiwa nasukwa, kichwa kimeinamishwa, siwezi hata kugeuka nimwone anayesema. "Unamchemsha mzima mzima na miiba yake," sauti ikasema nyuma yangu, "halafu unamfunika mtoto blanketi avute ule mvuke, ndipo anywe. Utasahau kama aliwahi kuwa na pumu." Wengine wakaguna kama watu waliokwisha kukubali. Msusi akavuta nywele, nikafumba macho.

Habari hiyo naijua, na naijua kwa ubaya wake. Lakini niliporudi nyumbani nilimkuta kitinda mimba wangu ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinalia kama filimbi iliyoingia maji, na ile sauti ya saluni ikanirudia. Mzima mzima na miiba yake. Mama akishikwa na hofu, akili yake inakuwa kama mlango usio na komeo, kila kipitacho kinaingia. Nilimpulizia dawa yake, nikamkalisha wima, nikafungua madirisha yote. Alipotulia nikachukua kalamu. Mimi niliishia shule ya msingi, mtanisamehe mwandiko. Naandika kwa ajili ya kina mama wenzangu wa saluni ile, na wengine wowote.

Baba yangu alikuwa mdarizi wa nembo. Siku hizi watu wakiona nembo kwenye sweta ya shule wanadhani imeota hapo yenyewe. Enzi zetu kila moja ilipita mikononi mwa mtu, na kwa ile shule kubwa ya mji wa pili, mtu huyo alikuwa baba. Nembo yao ilikuwa kalunguyeye aliyejikunja, na chini yake neno moja: HATUGUSWI. Ilisemekana mwanzilishi wa shule alikuwa mfupi na mwenye hasira za karibu, akachagua mnyama wa kufanana naye.

Mchoro walioleta ulichorwa na mtu ambaye kalunguyeye hajawahi kumwona. Baba aliutazama, akaugeuza juu chini, akasema, "Huyu ni nguruwe aliyekalia kitana." Akaomba wa kweli. Mkata majani mmoja akamletea, kamfunga ndani ya kofia, na tangu siku hiyo yule mnyama akaishi kwenye chumba chetu cha mbele, ndani ya tenga la mabaki ya nyuzi, chini ya meza ya kazi.

Jina lake lilikuwa Mwalimu Mkuu. Si ndiye aliyekaa kwenye vifua vya wanafunzi wote? Jioni giza likianza kuingia, tenga linatikisika, pua inatokea kwanza, kisha mwenyewe. Baba anaacha sindano na kutangaza, "Mwalimu Mkuu anaingia, simameni!" Mimi na mdogo wangu tunasimama kama miti, "Shikamoo, Mwalimu!" Naye anatupita bila kuitikia, kama walimu wakuu wote, anakwenda kukagua mende nyuma ya cherehani. Chumba kile hakikuwa na mende kabisa. Mama alikuwa hamsemi vizuri yule mnyama kwa sababu ya harufu, lakini habari ya mende alikuwa anaikubali.

Kituko chake kikubwa kilikuwa mafuta ya cherehani. Akiyakuta yamedondoka sakafuni anayalamba, anayatafuna mpaka mdomo unajaa povu, kisha anapinda shingo na kulipaka povu lile mgongoni, amesimama kwa miguu mitatu kama mlevi anayetafuta ufunguo. "Muacheni," baba alikuwa akisema, "anapiga pasi suti yake." Siku moja alichechemea. Baba akampindua juu ya goti akakuta uzi umejizungusha mguuni, umekaza mpaka kidole kimevimba. Aliukata kwa mkasi mdogo wa kazi, taratibu, huku Mwalimu anampulizia *fuu, fuu* kwa hasira. Tangu hapo hakuna uzi mrefu uliotupwa kwenye tenga lile. Mabaki yote tuliyakatakata kwanza. Ilikuwa kazi yangu, na mpaka leo nikishona kifungo nakata uzi vipande vipande kabla ya kuutupa. Watoto wangu wananicheka.

Nikifumba macho naiona meza ile. Kitanzi cha mbao kimebana kitambaa, baba kainama, miwani imefungwa kwa kamba. Kila mwiba wa kalunguyeye aliushona peke yake, mweupe chini, kahawia katikati, mweupe tena kwenye ncha, kwa kuwa ndivyo Mwalimu alivyokuwa. Alianzia mkiani kuja kichwani, ili kila mstari uulalie ule wa nyuma yake. "Ukianzia kichwani," aliniambia, "anaonekana kalowa mvua." Nembo ikikamilika aliigeuza, akailowesha kidogo na kuipiga pasi ya mkaa. Pasi ile iliwaka tangu asubuhi mpaka anafunga kazi, na mlango wa mbele ulikuwa wazi muda wote, jua au mvua. Mama alidhani anapenda kuangalia wapita njia. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mdogo wangu tulimwita Pamba. Alikuwa mwepesi na mweupe wa meno, na alipenda kulala chini ya meza pembeni ya tenga. Kila majira ya baridi kifua chake kilibana. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa ya maji, akamwambia mama amtoe mtoto kwenye vumbi la nyuzi. Alitolewa, akahamia chumba cha nyuma na mama. Alipata nafuu, akarudiwa, akapata nafuu. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Lakini mama alikuwa anahesabu pumzi za Pamba hata akiwa anachambua mchele. Unamwona midomo inacheza, unajua anahesabu.

Hapo ndipo alipoingia shangazi, dada mdogo wa baba. Shangazi yangu alikuwa mtu wa mapenzi makubwa na sauti kubwa zaidi. Aliisikia habari ya supu sokoni, kwa mwanamke aliyeisikia kwa mwanamke.

"Kaka," alisema, bado hajakaa, "mtoto anateketea na dawa unaifuga chini ya meza!"

Baba hakuinua uso. "Dawa ya mtoto iko kwenye chupa, ina kizibo. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu. Ukimpika, mimi nitashona nini kwenye sweta? Sura yako?"

"Na sura yangu ina nini?"

"Haina miiba ya kutosha."

"Cheka. Cheka tu. Wifi, unamsikia mumeo?"

Mama alikuwa amekaa kizingitini, Pamba mapajani, na nilimwona anavyolitazama tenga.

"Mwalimu Mkuu haliwi," baba alisema, safari hii bila mzaha, na hapo maneno yakaisha.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Nembo za muhula mpya zilipokamilika, baba alizifunga kwenye shuka, akaondoka alfajiri kuzipeleka mji wa pili. Alizoea kupokewa mzigo na dereva wa shule, lakini mara hii gari lilikuwa bovu, akaenda mwenyewe na kulala huko. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aje, pasi haikuwashwa. Chumba cha mbele kilipoa kama kaburi, na hakuna aliyewaza lolote. Nani awashe pasi bila kazi? Hata baba asingewaza. Kalunguyeye wake hajawahi kuijua siku isiyo na pasi.

Asubuhi ya pili nikaenda na kumbikumbi wa kumlisha Mwalimu kwenye kikopo. Mwalimu alikuwa mviringo mgumu katikati ya nyuzi. Nilimgusa, hakunipulizia. Nilimwinua, akawa baridi kama jiwe la mtoni. Nikalia mpaka mama akaja.

Pamba alikuwa ameamka vibaya siku hiyo. Alikuwa amekaa kitandani akivuta pumzi kwa shingo, anakohoa, anatulia, anakohoa. Mama alikuwa tayari amevaa ampeleke zahanati. Viatu vilikuwa miguuni, hilo nalikumbuka. Ndipo shangazi akafika, akamwona mtoto, akamwona Mwalimu mikononi mwangu.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa kitu kigeni. "Unaona mambo? Kaka amekataa, Mungu amekubali."

"Ni mzoga huu, wifi."

"Mzoga gani? Jana si alikuwa anatembea? Na zahanati watakupa nini? Ile ile ya chupa. Umempa chupa ngapi?"

Pamba akakohoa mpaka akainama. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akavua viatu.

"Fanya upesi," alisema.

Mvuke haukutakiwa kupotea, huo ndio ulikuwa mwiko wa dawa yenyewe. Na harufu haikutakiwa kutoka, maana jirani yetu fundi viatu alikuwa rafiki wa baba, na pua yake ilikuwa inajua kila sufuria ya mtaa. Basi shangazi akaingiza jiko la mkaa chumba cha nyuma, likiwa jekundu. Dirisha walilizibia vipande vya kitambaa kinene cha kutilia nembo, chini ya mlango wakasokota shuka. Mama akakaa kitandani na Pamba, blanketi juu ya mabega yao. Mwalimu Mkuu akawekwa kwenye beseni pembeni ya jiko, kusubiri maji yachemke.

"Wewe kaa mbele," shangazi aliniambia. "Baba yako akitokea, kohoa."

Ishara gani hiyo kwenye nyumba ya mgonjwa wa kifua, sijui. Nilikaa kwenye kigoda cha baba nikitazama mtaa, na nyuma yangu Pamba akikohoa na kukohoa. Halafu akaacha.

Baada ya muda shangazi akatoka kufuata chumvi, mkono kichwani. "Kichwa kinanigonga," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. "Umesikia? Kimya! Maji hata hayajachemka, mvuke tu umekwishaanza kazi." Akaingia tena, akasukuma shuka mahali pake kwa mguu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, pole Mwalimu, lakini asante.

Mara nikasikia kelele ambayo sijaisikia tena maishani.

"Amefufuka! Mamangu wee, amefufuka!"

Mlango uligonga ukuta. Shangazi akanipita na mfuniko wa sufuria mkononi, akaangusha kitanzi cha baba, akatokea mtaani na ndala moja. Mlango wa nyuma akauacha wazi.

Nikachungulia. Kwenye beseni Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama, pua juu, anapuliza *fuu, fuu*, amepashwa moto na jiko akaamka usingizini. Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona mama. Alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu, ananitazama kama mtu asiyenijua. Na Pamba kwenye mapaja yake, kichwa kimening'inia, kimya. Haukuwa ukimya wa kulala.

"Mama!" nikaita. Hakujibu. Nikapiga kelele mpaka koo likachanika.

Fundi viatu alikuja kiatu cha mtu kikiwa bado mkononi. Aliingia, akatoka na Pamba, akamlaza nje chini kwenye upepo. Akavuta pumzi, akarudi ndani, akamburuta mama kwa makwapa. "Mkaa!" alikuwa anasema. "Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa! Mna nini nyie watu?" Mama alitapika, akaanza kulia jina la Pamba bila kuweza kusimama. Pamba hakusogea. Fundi akampepea kwa kipande cha soli, akaona hali, akamtupa begani akakimbia. Nilikimbia nyuma yake, soksi moja ya Pamba mkononi.

Zahanati walimvalisha kifuniko cha hewa, na mtungi ukaletwa karibu. Muuguzi alikuwa anamsugua kifua na kumwita kama anayemwamsha aende shule. Shangazi alikuwa amefika kwa ndala yake moja. "Mlikuwa mnapika nini mle ndani?" muuguzi akauliza. Shangazi akatazama chini. Nikajibu mimi.

"Mwalimu Mkuu."

Muuguzi aliniangalia kwa muda, halafu akaamua kuuliza baadaye.

Pamba alifumbua macho jua likiwa utosini. Alisema anataka maji, kisha akakohoa. Sijawahi kusikia kikohozi kizuri kama kile. Muuguzi akamweleza mama, ambaye alikuwa ameletwa ameshikwa huku na huku, kwamba mkaa ukifungiwa chumbani unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto mwenye kifua kibovu ndiye wa kwanza kuzimika. "Kikohozi hakikupona," alimwambia. "Mtoto alikuwa ameishiwa nguvu ya kukohoa. Mngekaa kidogo tu, mngetolewa wawili maiti."

Baba alirudi jioni ile ile, furaha ya safari ikiwa bado usoni, kanunua mikate. Mama alimweleza mwenyewe, amesimama, bila kuficha hata lile la viatu alivyovaa na kuvivua. Nilingoja baba afoke. Alikwenda chumba cha nyuma. Alichomoa vile vipande vya kitambaa dirishani, kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Kisha akaing'oa mbao ya dirisha yenyewe, na dirisha lile halikufungwa tena mpaka tulipohama, lilitiwa wavu tu.

"Na Mwalimu?" akauliza.

Tulikuwa tumemsahau. Tukamtafuta, tukamkuta nyuma ya cherehani ndani ya koti kuukuu la baba. Baba akaketi sakafuni karibu naye. Shangazi alikuwa mlangoni, kajikunyata, hajui aingie au aondoke.

"Bibi wewe," baba alimwambia, "siku nyingine kabla hujampika mtu, muulize kwanza kama amekufa."

Mama akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kilio, na baba akamshika mkono mbele yetu, jambo ambalo hakuwa analifanya. Baadaye ndipo alituambia kwa nini mlango wa mbele ulikuwa haufungwi. Fundi wake aliyemfunza kazi alimkataza kupiga pasi ya mkaa mlango ukiwa umefungwa, naye akashika hivyo hivyo, hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu nyumbani asiyejua. Ilikuwa desturi ya kazi, na sisi wa chumba cha nyuma hatukuwa wa kazi.

Kuanzia muhula uliofuata alibadilisha nembo bila kumwomba mtu. Zamani kalunguyeye alijikunja kabisa. Sasa baba alimtoa pua, mishono mitano myeusi, inayonusa. Shule haikulalamika. Nadhani hawakuona. Ukikuta sweta kuukuu ya shule ile sokoni, tazama. Asiye na pua ni wa kabla ya siku ile, mwenye pua ni wa baada. Nembo ya kwanza yenye pua hakuipeleka, aliishona kwenye sweta ya Pamba, upande wa kifua. Pamba hakuwahi kusoma shule ile, wala nani angemlipia, lakini aliivaa mpaka mikono ikaishia kwenye viwiko.

Mwalimu Mkuu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipokufa kweli, baba alimweka kwenye tenga karibu na pasi yenye moto, akashona siku nzima akimtupia jicho, na kesho yake tena, ndipo akakubali kumzika. Sasa baba naye hayupo. Nembo za shule ile zinachapwa kwa mashine, zimewekwa kitabu na mwenge, ukizifua mara kadhaa zinabanduka.

Leo nilimpigia Pamba simu, nikamweleza mambo ya saluni na kifua cha mtoto wangu.

"Usiniambie umeweka jiko chumbani," akasema.

"Sijaweka."

"Wala usiweke. Mvuke niliovuta mimi unatosha ukoo mzima. Mpeleke mtoto zahanati, dada. Na mimi nakuja."

Kitinda mimba alisikia habari yote kutoka kitandani. Alipopata pumzi akauliza, "Mama, kwa hiyo tunaweza kufuga kalunguyeye?" Tumetoka zahanati mchana huu na kipulizo kipya. Amelala, dirisha wazi. Karatasi hii nampelekea msusi aibandike pembeni ya kioo, mahali ambapo mtu aliyeinamishwa kichwa ataiona akiinuka.

Epukeni haya:

Kumpa mtoto supu, mafuta au miiba ya kalunguyeye kwa ajili ya kifua. Haitibu.

Kuchelewesha kwenda zahanati kwa kujaribu kwanza kitu ulichosikia.

Kuingiza jiko au pasi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata kama moto umetulia, hata kama ni baridi.

Kuziba dirisha mtoto akiwa ndani.

Kuamini mtoto amepona kwa sababu ameacha kukohoa. Mtazame midomo na pumzi.

Kumlaza mtoto wa pumu penye vumbi la nyuzi, pamba au moshi.

Kumwacha kalunguyeye kwenye baridi, au kumhesabu amekufa kabla hajapashwa moto.

Kumpa maziwa ya ng'ombe. Yanamharisha.

Kumtandikia nyuzi ndefu.

Kumshika na kula bila kunawa.

Kuvua viatu ukiwa umekwisha kuvaa uende zahanati.